Swali Namba Tisa

Zamani ukumbi wa bunge ulikuwa na saa mbili ukutani, moja juu ya viti vya serikali na nyingine juu ya viti vya wapinzani, na zote mbili ziling'olewa kwa sababu ya siasa. Wapinzani walilalamika kwamba ile ya upande wa pili inakimbia makusudi ili kipindi cha maswali kiishe upesi na mawaziri wapone. Chama tawala nacho kikalalamika kwamba ile ya wapinzani inajikokota. Kamati ikakaa siku tatu, ikanywa chai ya kutosha, ikaamua saa zote mbili zitolewe. Tangu hapo wakati bungeni ukawa ni ule unaosomwa kwenye saa ndogo ya mezani, iliyowekwa mbele ya mtunza saa na kumtazama yeye peke yake. Yeye akisema ni saa nne, basi ni saa nne, hata jua lingesema vingine.

Mtunza saa huyo wabunge walimwita Mzee Kengele. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa uzi mguu mmoja, na kazi yake haikuwa na mengi. Spika akiita swali la kwanza, yeye anaandika saa na dakika kwenye daftari kwa wino. Zikitimia dakika sitini anagonga kengele ya shaba, na hapo hata kama waziri yuko katikati ya neno, neno hilo analimeza na kukaa. Miaka ishirini na sita hakukosea hata dakika moja. Mwaka huu upande mmoja ulimwita kibaraka wa upande ule, mwaka wa pili wakabadilishana, naye hakukasirika.

"Anayetukanwa na pande zote mbili ujue yuko katikati," alizoea kumwambia mkewe.

"Na anayesimama katikati ya barabara anagongwa na magari yote," mkewe alizoea kumjibu.

Asubuhi ya Alhamisi hiyo mkewe alikuwa amesimama mbele ya meza ya kulia, anampigia pasi shati jeupe. Alilipiga pasi mara ya pili, kisha mara ya tatu, mpaka kola ikaanza kutoa harufu ya kuungua. Mjukuu wao wa miaka sita alikaa sakafuni akifunga kamba za viatu vya shule, anakosea, anaanza upya. Hakuna aliyemsaidia, maana wakubwa wawili wa nyumba hiyo walikuwa na akili sehemu nyingine.

Binti yao wa pekee, mama wa mtoto huyo, alikuwa muuguzi, na sasa alikuwa mahabusu mwezi wa tano. Katika wodi aliyoisimamia mitungi ya oksijeni iliisha, na kabla jua halijachomoza wagonjwa wawili walikuwa wamekata roho mikononi mwake. Alishtakiwa kwa uzembe. Alisema aliandikia wizara barua tatu kabla ya msiba huo, akieleza kwamba mitungi inakwisha. Mkuu wa hospitali akaapa kwamba hajawahi kuona barua yoyote, na nakala zilizokuwa kwenye kabati la wodi zikapotea pamoja na kitasa cha kabati.

Hukumu ilikuwa kesho, Ijumaa, saa tatu asubuhi.

"Nieleze tena alivyosema wakili," mkewe alisema, ingawa alikwishaelezwa mara kumi.

"Swali liko kwenye orodha. Namba tisa. Mbunge atamuuliza waziri wa afya: je, wizara ilipokea barua za muuguzi, ndiyo au hapana? Waziri akijibu ndiyo, jibu linaingia kwenye taarifa rasmi ya bunge, taarifa inachapwa jioni, na kesho wakili anaiweka mbele ya hakimu."

"Na lisipofikiwa?"

"Litajibiwa kwa maandishi. Ndani ya siku ishirini na moja."

"Siku ishirini na moja mwanangu atakuwa ameshavalishwa nguo za jela." Akaweka pasi chini. "Kwa kawaida mnafika swali la ngapi?"

Mzee alivaa shati likiwa bado la moto. "La nane," alisema. "Wakitulia, hata la kumi."

"Na wakianza ujinga wao?"

Mzee alifunga vifungo vya shati. Alikuwa amemwombea mkewe kibali cha kukaa kwenye roshani ya wageni, akamkumbusha kwamba huko juu hakuna kupiga makofi, kuongea wala kusimama. Tena asiseme yeye ni nani. Bungeni hakuna aliyejua kwamba muuguzi wa kwenye magazeti ni mtoto wa Mzee Kengele, kwa kuwa alikuwa akitumia jina la marehemu mumewe. Jumapili iliyopita, binti mwenyewe alikuwa amemkanya kupitia wavu wa mahabusu. "Baba, usije ukajitia kwenye hili. Mtoto anakutegemea wewe tu sasa. Wewe gonga kengele yako, basi."

"Kwani nimesema nitafanya kitu?" alikuwa amemjibu, kwa ukali kidogo, na hilo alilijutia njia nzima ya kurudi.

*

Kwenye ujia wa nyuma ya ukumbi kulikuwa na birika kubwa la chai, na watumishi waliruhusiwa kunywa kabla wabunge hawajaingia. Mzee Kengele alikuwa anachota sukari pale walipokuja wabunge wawili wa upinzani. Mmoja alikuwa yule mwenye swali namba tisa, kijana mtanashati ambaye hata siku ya joto hakuvua tai yake nyekundu. Walimpita mzee kama wanavyoupita mlango.

"Leo unambana waziri," mwenzake alisema.

"Nimbane ili iweje?" Mwenye tai alicheka, akajimiminia chai. "Fikiri kidogo, ndugu yangu. Akisimama akasema ndiyo, barua tulizipata, tunasikitika, tumechukua hatua, mimi nimebaki na nini? Habari imekufa hapo hapo. Lakini lisipojibiwa, natoka nje, kamera zipo, nasema serikali imemkimbia muuguzi mnyonge. Hiyo nailia mpaka uchaguzi."

"Serikali wenyewe pia hawataki lifike."

"Basi leo tumeelewana nao bila kukaa kikao. Wao watakula muda, na sisi tutakula muda."

Kijiko kilimwanguka Mzee Kengele, kikalia kwenye sakafu ya mawe. Mwenye tai akageuka, akaona ni mtumishi, akakiokota na kumpa kwa heshima zote. "Pole, mzee wangu," alisema. Mzee aliyeshika kengele miaka yote hiyo akajikuta anasema ahsante, na alijichukia kwa ahsante hiyo.

*

Spika aliita swali la kwanza. Mzee akaandika kwenye daftari: saa tatu na dakika nne. Kengele, basi, saa nne na dakika nne. Kisha akainua macho mara moja tu kwenye roshani ya wageni. Mkewe alikuwa safu ya mbele, amekumbatia mkoba kifuani, amevaa kilemba chake cha kwendea misibani kwa sababu ndicho kizuri alichokuwa nacho.

Swali la kwanza lilihusu daraja, likaisha vizuri. La pili lilihusu madawati. La tatu halijaanza, mnadhimu wa chama tawala, mtu mnene mwenye saa ya dhahabu, akasimama kuomba mwongozo. Alitaka kujua kama ni sahihi mbunge wa upinzani kuingia ukumbini amevaa soksi zenye rangi za chama chake. Mbunge mwenye soksi akasimama kujitetea, akainua mguu watu waone. Dakika tano zikaenda na soksi. Mwenye tai nyekundu naye akasimama kulalamika kwamba mnadhimu amewadhalilisha wapinzani wote kwa kutazama miguu yao. Zikaenda nne nyingine. Kanuni ilikuwa wazi, na Mzee Kengele aliijua kama anavyojua mlango wa nyumba yake: saa haisimami kwa ajili ya mwongozo.

Swali la nne. La tano. Mtu akamwita mwenzake mbwa, akatakiwa afute kauli, akasema anafuta mbwa ila hafuti maana. Upande mmoja ukagonga meza, upande wa pili ukazomea. Watu wazima, wenye wajukuu, walikuwa wanarukiana kama kuku waliomwagiwa mtama, na mzee alitazama mshale ukizunguka akahisi kila hatua yake mwilini. Alizoea kuwaona wakipoteza muda. Hakuwahi kufikiri kwamba muda huo ni wa mtu.

La sita, la saba. La nane lilihusu mbolea, na waziri wa kilimo alikuwa mtu wa maelezo marefu. Saa nne na dakika mbili. Saa nne na dakika tatu. Waziri alikuwa amefika kwenye historia ya mbolea.

Saa nne na dakika nne.

Mkono wa Mzee Kengele ulikwenda wenyewe mpaka kwenye kipini cha kengele, kama ulivyokwenda kila siku. Ukasimama pale. Ukarudi mezani, ukalala juu ya daftari, ukafunika maandishi ya wino. Hakuna aliyegundua.

Waziri wa kilimo alikaa. Spika, bila kutazama popote, akasema, "Swali namba tisa."

Mwenye tai nyekundu hakusimama. Aligeuka kumtazama mnadhimu wa upande ule, kama mtu anayeuliza mwenzake mbona mambo hayajaenda tulivyopanga. Spika akaita mara ya pili. Hapo ikambidi ainuke, akalisoma swali lake mwenyewe haraka haraka, kwa sauti ya chini.

Waziri wa afya alikuwa mzee mchovu, aliyebakiza miezi michache astaafu, na alisoma alichoandikiwa na watu wa ofisini bila kukipitia. "Mheshimiwa Spika, ni kweli kwamba wizara ilipokea barua tatu za muuguzi huyo, ya kwanza ikiwa imetangulia tukio kwa wiki saba. Barua hizo zilisajiliwa masijala. Kwa bahati mbaya hazikufanyiwa kazi kwa wakati."

Juu kwenye roshani mke wa Mzee Kengele alifumba macho, na midomo ikamchezacheza. Kwa muda wa pumzi tatu au nne hivi, binti yao alikuwa mtu huru.

"Mwongozo wa Spika," mnadhimu alisema. Alikuwa amesimama, ameinua mkono wenye saa ya dhahabu. "Mimi yangu inasema dakika sitini zimepita zamani. Kama ni hivyo, swali hili limeulizwa nje ya muda, na kila kilichosemwa ni batili. Naomba mtunza saa atuambie."

Spika aligeuka. Watu mia tatu waligeuka. "Mtunza saa, saa yako inasemaje?"

Saa ilikuwa inamtazama yeye peke yake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa nyuma ya saa hiyo tayari, na kidole gumba kiko juu ya kile kitufe cha kurudishia mishale. Ilitosha kukisokota kidogo tu. Hakuna ambaye angeona. Hata asingesokota, ilitosha kusema. Dakika moja imebaki, Mheshimiwa Spika. Maneno matano, na hakuna saa nyingine humo ndani yenye ruhusa ya kuyapinga. Wao wenyewe ndio walioziondoa.

Alifungua kinywa, na kilichotoka ni kile kilichozoea kutoka.

"Kipindi kilipaswa kuisha saa nne na dakika nne, Mheshimiwa Spika."

"Na sasa hivi?"

"Sasa hivi ni saa nne na dakika nane."

Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema, lakini bungeni maneno yaliyomwagika huzolewa. Spika alisoma kanuni, akaamuru swali namba tisa lihesabiwe kuwa halikufikiwa, lijibiwe kwa maandishi ndani ya siku ishirini na moja, na maneno yote ya waziri yafutwe kwenye taarifa rasmi. Waziri wa afya alikaa, akafuta miwani yake, akaonekana kushukuru.

"Ameshasema."

Sauti ilitoka juu. Mke wa Mzee Kengele alikuwa amesimama, ameshika ukingo wa roshani kwa mikono miwili. "Ameshasema, na sote tumesikia. Barua walizipata. Mnafutaje kitu kilichosikika?"

Askari wawili wakamwendea. Spika akauliza mama huyo ni nani.

"Mimi ni mama yake huyo muuguzi," alisema, huku wanamvuta. "Na baba yake huyo hapo mezani. Muulizeni yeye. Mwambie, baba. Si umesikia?"

Ukumbi uliripuka. Mnadhimu alipiga kelele kwamba sasa njama za wapinzani zimefichuka, mtunza saa ni mtu wao. Mwenye tai nyekundu akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto: mtu wao vipi, mtumishi wa serikali anayekula mshahara wa serikali? Huyu ametumwa na serikali aharibu swali la upinzani, na ushahidi ni kwamba swali limeharibika. Walibishana hivyo kwa dakika ishirini, mzee akiwa amesimama katikati yao, mikono nyuma. Halafu mtu akatoa hoja kwamba vyovyote iwavyo, afisa huyo aondolewe ukumbini na kazini siku hiyo hiyo, kwa kulidanganya bunge.

"Wanaoafiki waseme ndiyo," alisema Spika.

"Ndiyo," likasema bunge zima.

Ilikuwa mara ya kwanza mwaka huo pande zote mbili kukubaliana jambo. Wenyewe walishangaa, wakacheka, na wengine wakapeana mikono kuvuka ujia.

*

Walirudi nyumbani kwa miguu, mke mbele, mume nyuma. Langoni walikuwa wamemvua beji, wakamtaka asaini kwamba ameirudisha kengele ikiwa nzima. Mbunge mwenye tai nyekundu alikuwa nje mbele ya kamera, anamlilia muuguzi mnyonge kwa sauti nzito. Alipomwona mke wa mzee alitaka kumshika mkono wapigwe picha pamoja. Mama alimpita.

Walipofika, mtoto akala, akatumwa nje kucheza.

"Nilikuona," mkewe alianza. "Nilikuwa juu yako kabisa. Kidole kilikuwa pale pale kwenye saa."

"Ndiyo."

"Kilikushinda nini?"

"Sijui."

"Hujui." Alikaa. "Ukaiba dakika nne, wakakuuliza mwizi ni nani, ukanyoosha mkono. Wewe ni mwizi wa namna gani? Kama ulitaka kuwa mkweli, ungegonga kengele yako kwa wakati, tukabaki na kazi. Kama ulitaka kudanganya, ungedanganya mpaka mwisho, tukabaki na mtoto. Sasa tumebaki na nini?"

Mzee alifungua uzi wa miwani, akaufunga tena. Alitaka kusema kwamba aliyemtaja mbele ya mia tatu ni yeye mkewe. Asingemtaja, labda ingekuwa onyo tu, labda barua ya kujieleza. Neno lilifika kwenye ulimi. Alimtazama, akaona kwamba analijua, na kwamba amekuwa akilitafuna njia nzima.

"Ningesema mimi nani kwao?" mkewe alisema taratibu, kana kwamba ameulizwa. "Nilidhani wakijua ni baba yake watamwonea huruma."

*

Ijumaa saa tatu, wakili, msichana mwembamba aliyevaa joho la kuazima, aliiweka taarifa rasmi mbele ya hakimu. Chini ya swali namba tisa palikuwa na mstari mmoja: halikufikiwa. Wakili akasema waziri alikiri, watu walisikia, redio zilitangaza. Hakimu akamwambia mahakama haisikilizi redio. Maneno yaliyofutwa bungeni, kisheria hayakusemwa. Wakili akaomba aongezewe siku ishirini na moja. Hakimu akasema kesi imeshachelewa vya kutosha, na wafiwa nao wana haki.

Miaka mitatu.

Binti hakulia. Alitikisa kichwa kidogo, kama muuguzi anayepokea zamu mbaya. Askari wa kike alimruhusu asimame na wazazi wake kwenye ujia kwa muda, pingu zikiwa mkononi. Mahabusu hawakuwa na redio. Hakuuliza habari za swali, kwa kuwa mstari ule mmoja ulikuwa umemtosha. Aliuliza mtoto anakulaje. Aliuliza kama lile jino lake lililolegea limeng'oka. Kisha akamtazama baba yake, lile shati jeupe, ile kola yenye alama ya pasi.

"Baba, kumbe umekuja. Na kazini je? Leo si wana kikao?"

Wakili akatazama chini. Mzee alihisi mkewe amegeuza shingo kumtazama.

"Wamenipa ruhusa," alisema.

"Siku nzima?"

"Siku nzima."

Lilitoka laini, bila kukwama popote. Binti akashusha pumzi, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo mabega yake yakalegea.

"Afadhali. Maana nilikuwa nawaza kitu kimoja tu, mtoto. Hata wakinifunga, babu yake ana kazi." Askari akamgusa kiwiko. "Lakini Jumatatu uwahi, Baba. Wasije wakakuona mzembe."

"Nitawahi," alisema.

"Atawahi," mkewe akaitikia, akamshika mume wake mkono. "Baba yako humjui? Hajawahi kuchelewa huyu."